Ungo Ulioelekea Mbinguni

Wasikilizaji wapenzi, nawaomba mnipe wasaa wa kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho aghalabu hatukioni kwa macho, ingawa kiko juu ya vichwa vyetu usiku na mchana, hakichomozi wala hakitui, na kila jioni huleta majumbani mwetu nyuso, sauti na mambo ya nchi ambazo nyayo zetu huenda zisizikanyage kamwe. Chombo hicho ni setilaiti ya mawasiliano, na katika kazi zake nyingi nitaisema moja tu, ile ya kueneza televisheni.

Mtu atokaye Ifakara akashika njia ya Mlimba, milima ya Udzungwa ikawa mkono wake wa kuume na mabonde ya mto Kilombero mkono wake wa kushoto, hupita Idete na kufika Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga. Jina la Namawala ni dogo katika ramani, lakini katika vitabu vya tiba ni kubwa, kwa kuwa watafiti wa malaria wa Ifakara wamewachunguza mbu wa hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na matokeo ya uchunguzi huo husomwa na matabibu wa mataifa ya mbali. Majira ya mavuno, mgeni akiingia katika ua wa kijiji kama hiki, huweza kuona nyungo mbili katika mji mmoja. Ungo wa kwanza uko mikononi mwa mama, anaurusha na kuudaka, makapi yanakwenda na upepo, mchele unabaki. Ungo wa pili ni wa bati, umefungwa juu ya paa au juu ya nguzo, hautikisiki, umeelekeza uso mbinguni kama mtu aliye katika dua. Mafundi huuita dishi, lakini aliyeupa jina la ungo alikuwa na jicho zuri, maana umbo ni lile lile. Hata neno chenga, tulilozoea kuliita lile vumbi jeupe la picha mbovu katika televisheni za zamani, tumelichukua kutoka katika mchele uliovunjika. Lugha yetu ilikwisha kuiweka televisheni katika ghala la nafaka kabla sisi wenyewe hatujaketi kufikiri. Basi nami swali langu nitaliuliza kwa lugha ya nafaka: ungo huu wa pili unapokea nini, kutoka wapi, na nani anayepepeta?

Tuanze na kutoka wapi. Ilimu ya falaki yatufundisha kwamba chombo kinachoizunguka dunia karibu nayo hukimbia upesi sana, na kadiri kinavyokaa mbali ndivyo kinavyokwenda polepole, mpaka kufika kimo cha kilomita 36,000 hivi juu ya mstari wa Ikweta, ambapo mzunguko mmoja huchukua muda ule ule ambao dunia huutumia kujizungusha mara moja. Chombo kilichowekwa katika kimo hicho, kikiwa kinakwenda upande uleule dunia inakozunguka kwa mwendo wa kilomita 3 hivi kwa kila sekunde, huonekana kwa aliye chini kana kwamba kimepigiliwa msumari katika anga. Ili mpate kipimo cha umbali huo, wakumbukeni abiria wa TAZARA wanaopita hapa Ifakara: reli ile kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ina urefu wa kilomita 1,860, na msafiri angelazimika kuimaliza yote mara kumi na tisa ndipo awe amekwenda masafa ya kutoka hapa hadi kwenye setilaiti. Walakini wimbi la redio hupanda na kushuka masafa hayo kwa muda wa robo ya sekunde.

Kazi ya chombo chenyewe ni rahisi kuieleza. Kituo cha televisheni hutuma mawimbi yake juu kwa ungo mkubwa. Setilaiti huyapokea yakiwa yamechoka kwa safari, huyatia nguvu kwa umeme unaotokana na jua, huyabadilishia masafa yasije yakagongana na yale yanayopanda, kisha huyamwaga chini juu ya nchi nyingi kwa mara moja, mfano wa mtu anayemwaga maji kutoka darini. Ungo wa nyumbani huyakusanya mawimbi hayo dhaifu na kuyaelekeza katika kichwa kidogo kilicho mbele yake, na king'amuzi huyafumbua yakawa picha na sauti. Kwa mawimbi hayo hakuna karibu wala mbali. Aliye Namawala na aliye Kariakoo, Dar es Salaam, huliona bao lile lile la mpira kwa wakati mmoja, na kumfikia mtu wa Namawala hakumgharimu mrushaji hata senti moja zaidi ya kumfikia mtu wa Kariakoo. Nawasihi mliweke jambo hili moyoni, maana nitalirudia.

Liko jingine ambalo wengi wetu hatulijui, nalo lahusu bonde letu la Kilombero hasa. Ifakara na Namawala ziko baina ya nyuzi 36 na 37 mashariki ya Greenwich, na katika nyuzi 36 mashariki, juu ya Ikweta, zinasimama setilaiti za kampuni ya Eutelsat zinazotumiwa kurusha televisheni ya DStv barani Afrika. Maana yake ni kwamba mahali pa vyombo hivyo pako kaskazini yetu moja kwa moja, karibu na utosi wa mbingu. Ungo unaoitafuta Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2013, hutazama magharibi, kwa sababu chombo chake kiko katika nyuzi 7 mashariki. Kadhalika, wenye kutazama setilaiti ile iliyo utosini wakiona picha ikitoweka kwa dakika chache karibu na adhuhuri, siku kadhaa za mwezi Machi na tena mwezi Septemba, ilhali mbingu ni nyeupe, wasimlaumu fundi. Siku hizo jua hupita nyuma ya setilaiti, na mngurumo wa mawimbi ya jua huifunika sauti ya chombo kidogo. Mvua za masika nazo huyanywa mawimbi yakiwa njiani, na picha hukwama mpaka wingu lipite.

Sasa tutazame nyuma kidogo. Fikra ya kusimamisha vyombo vitatu juu ya Ikweta ili vieneze sauti na picha duniani kote iliandikwa kwa uwazi na Mwingereza Arthur C. Clarke mwezi Oktoba 1945, wakati ambapo hapana mtu aliyekuwa amerusha hata chombo kimoja kuizunguka dunia. Miaka 12 ikapita ndipo Warusi wakarusha Sputnik, na mwaka 1962 chombo kiitwacho Telstar kikavusha picha za televisheni juu ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 1963 ikarushwa Syncom 2, ya kwanza kufuatana na mwendo wa dunia katika kimo kile, na Afrika haikukosekana katika ufunguzi wake: mwezi Agosti mwaka huo Rais Kennedy wa Marekani akiwa Washington alizungumza kwa njia yake na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli iliyotia nanga Lagos. Mwaka 1965 ikapaa Early Bird, chombo cha kwanza cha biashara, nacho kiliweza kuchukua mazungumzo 240 ya simu au chaneli moja tu ya televisheni. Linganisheni chaneli ile moja na mamia ya leo, mtaona bin-adamu alikotoka.

Katika Afrika Mashariki, kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa nchini Kenya kilifunguliwa mwaka 1970, nacho kikawa mlango wetu wa kuongea na dunia kwa setilaiti. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, siku ya uhuru wa Kenya, chombo cha kuchunguza nyota kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu iko jirani na Ikweta, na Ikweta ndiyo njia njema ya kuelekea angani.

Upande wa Tanzania Bara, televisheni ilichelewa. Zanzibar ilianza kurusha yake mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi, ilhali nchi nyingi za bara hili zilikuwa bado na picha za rangi mbili au hazina kabisa. Bara ikabaki na redio hadi mwaka 1994. Wako wanaoyataja hayo kama aibu, nami siafikiani nao. Redio ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi, kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, wakashauriana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Siri ya kampeni ile ilikuwa katika mpangilio: mtunzi wa kipindi alimjua msikilizaji wake, alimpangia jambo la kutenda, na aliweka mtu pale kijijini wa kuongoza mazungumzo baada ya redio kunyamaza.

Yaangalieni basi yaliyotokea miaka miwili baadaye, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wamarekani walikuwa na setilaiti kubwa, ATS-6, iliyorushwa tarehe 30 Mei 1974, nayo ilikuwa na ungo wenye upana wa mita 9 uliokunjuka angani kama mwavuli. Mwaka 1975 waliisogeza mpaka nyuzi 35 mashariki, wakaisimamisha juu ya Ikweta, karibu na Kisumu na ziwa Victoria. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1975, kwa muda wa mwaka mzima, chombo hicho kilipeleka masomo katika vijiji 2,400 hivi. Lakini vijiji hivyo havikuwa vya Nyanza, wala vya Usukuma, wala vya Kilombero. Vilikuwa vijiji vya India, katika majimbo sita, vingi vikiwa fukara na havijapata kuona televisheni. Serikali ya India ilikuwa imeafikiana na Marekani, wataalamu wake wakatengeneza nyungo za wavu wa waya zenye upana wa mita 3, wakaweka televisheni moja moja kila kijiji, asubuhi watoto wakapata masomo ya sayansi, jioni watu wazima wakafundishwa kilimo, afya na uzazi wa mpango, kila jimbo kwa lugha inayoeleweka huko.

Mwaka ule bonde letu halikuwa usingizini. Reli ya TAZARA ilikuwa imekamilika kutandikwa, ikikatiza humu humu, na bwawa la Kidatu lilikuwa linaanza kutoa umeme. Juu ya kilele cha mbingu yetu kilisimama chombo cha kufundishia vijiji, nacho kilikuwa kimewageuzia uso watu walio ng'ambo ya bahari ya Hindi. Sisemi hayo kwa kuwahusudu Wahindi. Nayasema kwa kuwastahi, kwa sababu wao walikuwa na swali mkononi kabla ya kukiomba chombo. Swali lao lilikuwa: mkulima wa kijijini ahitaji kujua nini? Mwenye swali hukodi hata mwezi kwa jirani. Asiye na swali, chombo kikisimama utosini mwake hakimfai neno.

Nchi za Ikweta nazo zililitambua jambo hilo la vyombo kusimama juu yao, ila kwa upande wa milki. Tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogota, nchi kadhaa ambazo mstari wa Ikweta unazipitia, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitia sahihi tamko la kudai kwamba ile sehemu ya anga iliyo juu yao, ambako setilaiti husimama, ni mali yao. Dai lile halikukubaliwa na mataifa mengine, na sheria ya anga ikabaki vilevile, kwamba anga za juu si milki ya dola yo yote. Pengine ni heri, kwa sababu faida ya chombo humwendea yule anayekitia maneno, hata kama mahali pake pana jina la mwingine.

Tuje katika zama zetu. Televisheni za Bara zilipoanza mwaka 1994, minara yake ilihudumia miji, na bonde kama hili, lililofunikwa na Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, halikuwa rahisi kufikiwa, kwa maana mawimbi ya mnara hunyooka kama mshale na mlima huyazuia. Mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na nchi ikaingia katika matangazo ya dijitali, neno king'amuzi likaenea kila pembe. Lakini uliokwenda vijijini hasa ni ungo, kwa sababu setilaiti humtazama mtu kutoka juu na mlima hauna la kumzuilia. Paneli ya sola, betri, televisheni ndogo na ungo wa mkopo, vikawa vyatosha kumfungulia mtu wa shambani dirisha la dunia. Pasipo uwezo wa kununua, watu hukutana katika kibanda umiza, wakalipa kidogo na kutazama mpira wa Simba na Yanga, au wa Uingereza, wamebanana begani kwa bega.

Dirisha hilo lina baraka zake, nami sitazificha. Bunge husikika, habari za taifa hazingoji gazeti la juma lililopita, mtoto wa kijijini huona bahari, theluji na mji wa Makka, na furaha ya mpira huwaunganisha vijana wa makabila yote yaliyohamia bondeni humu. Walakini mwenye kifurushi kilichokwisha hukosa chaneli alizolipia, na mwaka 2018 nchi yetu iliingia katika mabishano makubwa juu ya chaneli za nyumbani zisizolipiwa na nafasi yake katika ving'amuzi vya setilaiti. Kwa mtu wa mjini mwenye antena ya kawaida mabishano yale yalikuwa habari ya gazetini. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mnara haufiki, na ambaye ungo ndio mlango wake pekee, yalihusu kama ataisikia nchi yake au hataisikia. Rai yangu ni thabiti: maadamu wimbi la setilaiti halidai nauli ya ziada kufika kijijini, habari za taifa na mafunzo ya umma zisikatwe kwa sababu ya kifurushi kilichokwisha muda.

Hilo ni la kupokea. Liko la kutuma, nalo ni zito zaidi. Namawala imewapa wataalamu wa dunia maarifa makubwa juu ya mbu na malaria. Wanawake wake wanajua mbegu ipi ya mpunga huvumilia mafuriko na ipi ina harufu inayopendwa sokoni. Wavuvi wa Kilombero wanajua mienendo ya mto kuliko kitabu cho chote. Nauliza, ni jioni ngapi katika mwaka mtu wa Namawala hukaa mbele ya televisheni yake akamwona mkulima wa bonde lake akifundisha wakulima wenzake? Mkulima wa Kyela na mkulima wa Mbarali wana mpunga kama wetu, wana ndege waharibifu kama wetu, na setilaiti ingeweza kuwaketisha nasi katika mkeka mmoja usiku huu huu. Kilomita zilizokuwa udhuru wetu zimekwisha. Gharama ya umbali imekwisha. Lililobaki ni nia, na watu wa kuitekeleza.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwenu wenye vituo vya televisheni: tengeni saa moja kila juma kwa vijiji, na kamera ziende huko majira ya kupanda na majira ya kuvuna, kipindi kitengenezwe na watu wanaojua tofauti ya jaruba na bustani. Kwenu viongozi wa elimu na kilimo: rudieni hekima ya Mtu ni Afya, wekeni televisheni moja shuleni au katika ofisi ya kijiji, na mtu wa kuongoza mazungumzo baada ya kipindi, kwa sababu picha ikipita bila mazungumzo hupita kama mvua juu ya mwamba. Na kwenu wazazi wenzangu: ketini na watoto wenu wanapotazama. Waelezeni lililo kweli na lililo mchezo, lipi la kuigwa na lipi la kuachwa.

Mama anayepepeta uani hafumbi macho, wala hautupi ungo kwa sababu una makapi ndani yake. Hutazama, hutikisa, hupuliza, huchagua, na akisha kupata mchele safi, huweka kando mbegu ya mwaka ujao. Ungo ulio juu ya bati hauna mikono ya kufanya hayo. Mikono ni yetu. Wasikilizaji wapenzi, tupepete tunachopokea, na tupeleke juu mbegu yetu wenyewe, ili siku moja ungo wa mtu wa mbali uelekee mbinguni kupokea maneno yaliyotoka Namawala.